Watu saba, mashine nne, paswadi moja

Niseme mapema, na kama ni kukasirika tukasirikiane kwa komenti: bosi akikuambia "hapa sisi ni familia, paswadi ni moja," anza kuogopa. Ogopa zaidi kama wewe ndiye mdogo wa hiyo ofisi, yule wa kutumwa chai na kupiga fotokopi. Familia huwa familia mpaka pesa ikosekane. Pesa ikikosekana, familia inaanza kuulizana nani alikuwa ameketi wapi saa ngapi.

Najua wengi mnanifuata kwa sababu ya video za simu na laptopu za mitumba, si stori za ofisi. Lakini mngeona inboksi yangu. Tangu mwaka jana uishe, kila wiki kuna msee wa rika letu ameandikwa mahali, saiba, kliniki, kwa wakili mwenye ofisi juu ya chemisti, na amepewa hii kazi juu tu yeye ni kijana: "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Tutolee hizi za zamani utuwekee hizo mpya." Hakuna anayemuuliza kama kweli anajua. Na hakuna anayemwambia kwamba kuhamisha kompyuta za ofisi, kazi ndogo kabisa ni kuhamisha kompyuta.

Chanzo cha hii shughuli yote ni tarehe moja. 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutuma masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10. Mashine hazikuzima siku hiyo, hapana, ziliamka Jumatano kama kawaida. Ila kuanzia hapo shimo jipya likipatikana, linabaki shimo. Na huwezi tu kuhamia Windows 11, kwa sababu hiyo inataka chipu inaitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa tembea ofisi za Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole uangalie kilicho chini ya meza. Ni zile tunaita ex-UK, kizazi cha tatu, cha nne, zilizotumika ng'ambo miaka mitano kabla hazijafika Luthuli. Zimechoka lakini zinatupenda. Kuna njia ya kujisajili upate masasisho ya mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni kuahirisha matanga.

Kibarua changu kilikuwa mwezi wa kumi na moja, kwa ofisi ya sacco ya matatu. Sitaitaja. Iko ghorofa ya kwanza, si mbali na Outering, juu ya duka la vipuri, na ukiwa ndani unasikia mat zikipiga honi mpaka unaacha kuzisikia. Kama hujui kwa nini sacco za mat zina maofisi na makaratasi kama serikali ndogo: kanuni za NTSA za 2014 zilisema mwenye gari hapati leseni akiwa peke yake, lazima awe ndani ya sacco ama kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hiyo kuna mtu lazima aandike magari, madereva, makato ya kila siku, nani amelipa, nani anadaiwa. Huyo mtu anahitaji mashine.

Hapo walikuwa watu saba na mashine saba. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, msimamizi wa magari, makarani wawili, na mama mmoja wa keshia ambaye kila mtu anamuita Madam, hata mwenyekiti. Pesa waliyokuwa nayo ingenunua mashine nne za kizazi cha nane, zimetumika lakini safi. Saba? Hapana.

Mtu wa kwanza kuwafanyia bei alikuwa amewaambia wachukue mkopo wanunue saba. Mimi nilikaa siku mbili kwa benchi na daftari nikihesabu tu nani anaketi saa ngapi. Karani wa asubuhi anaingia saa kumi na moja, mat za kwanza zikitoka. Madam anaingia saa mbili. Karani wa jioni anafunga saa nne usiku. Mweka hazina anakuja Jumanne na Ijumaa. Katibu, akikumbuka. Mwenyekiti anakuja wakati wowote na kuondoka wakati wowote, ndiyo maana ya kuwa mwenyekiti. Kwa hizo siku mbili sikuona hata mara moja watu watano wameketi pamoja mbele ya skrini. Mashine nne zinatosha, ila hakuna hata moja itakayokuwa ya mtu. Unaingia, unaketi penye nafasi, unaandika jina lako na paswadi yako, unafanya kazi yako, unatoka, mwingine anaingia.

Kwa karatasi hiyo ni rahisi. Kwa watu sivyo.

Kwanza kuna hii kitu ya "mashine yangu". Ukikaa na kompyuta miaka kumi inakuwa kama kiti cha mbele kwa mat, hata ukiwa hujalipa zaidi unahisi ni chako. Madam alikuwa na Excel yake tangu 2014. Faili moja, kurasa hazihesabiki, rangi za seli ambazo yeye tu ndiye anajua maana yake. Njano ni mwenye gari anayesumbua. Kijani ni aliyelipa mapema. Pinki hakuniambia, akacheka tu. Kwa skrini kulikuwa na picha ya binti yake akiwa na gauni la mahafali. Nilipomwambia mashine yake inatoka, hakuuliza kuhusu faili. Aliuliza, "Kijana wangu, ni mimi mnaondoa ama ni kompyuta?"

Na si swali la mtu asiyejua teknolojia. Ni swali la mtu ambaye ameona ofisi. Kwa ofisi nyingi ishara ya kwanza kwamba unaenda nyumbani ni meza yako kuguswa. Kwa hivyo kama wewe ndiye umepewa hii kazi, usimwambie mama wa miaka hamsini na kitu "usijali, ni simpo." Keti chini. Muonyeshe faili yake iko wapi, afungue yeye mwenyewe, kwa mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Madam alifungua kwa zote nne siku hiyo hiyo, akihesabu kurasa kila mara kama mtu anayehesabu watoto wakishuka basi la shule.

Pili kuna paswadi, na hapa ndipo tulipigana.

Zile mashine saba za zamani zote zilikuwa zinafunguka kwa paswadi moja, imeandikwa kwa stika chini ya kila kibodi. Mwenyekiti alitaka hivyo hivyo kwa mpya. Jina moja, paswadi moja, kila mtu anajua. Akaniambia, "Kijana, hawa ni watu wangu. Nikitaka kitu usiku nitaanza kupigia nani simu anipe paswadi?"

Nikamwambia, "Mkubwa, hutampigia mtu. Faili ni za ofisi, zitakuwa kwa folda ya ofisi. Paswadi ni ya mtu, si ya faili."

"Na mtu akiacha kazi?"

"Tunafunga jina lake. Faili zinabaki."

Hakupenda. Kwetu mtu akikunyima paswadi unafikiria anaficha kitu. Wapenzi wanaachana juu ya paswadi ya simu, sembuse ofisi. Akasema nataka kuleta kutoaminiana mahali ambapo hakukuwa na shida.

Na mimi nilijua shida ilikuwepo. Nilijua juu beshte yangu, msichana tumekua naye Umoja, alikuwa karani hapo hapo, kabla ya hawa wawili. Mwaka wa 2024 mwenye gari mmoja alikuja kulalamika kwamba alilipa 14,500 na kwa rekodi imeandikwa 4,500. Elfu kumi imeenda. Wakaangalia, ile faili ilibadilishwa saa saba na dakika ishirini mchana, kwa mashine ya karibu na mlango. Mashine ya karibu na mlango ni ya nani? Yake. Akasema saa saba alikuwa kwa kibanda anakula. Wakasema sawa, lakini mashine ni yako. Akasema paswadi kila mtu anayo. Wakasema ndiyo, lakini mashine ni yako. Hakuna aliyemuita mwizi. Hakuna barua. Baada ya wiki mbili aliambiwa apumzike kidogo, watampigia. Bado anangoja hiyo simu. Siku hizi anauza nguo za Gikomba kwa TikTok, na anauza vizuri, lakini mtu akimuuliza kwa nini aliacha ile kazi, anabadilisha stori.

Hii ndiyo maana nasema paswadi yako mwenyewe si dharau kwa bosi. Mweka hazina akikosea ana wakili, ana wazee wenzake, ana hisa. Karani ana neno lake tu. Kama mashine inaandika kila kitu kwa jina moja, basi kila kitu ni cha kila mtu, na "kila mtu" kwa ofisi za Kenya humaanisha yule wa chini kabisa.

Najua kuna upande wa pili, na si wa uongo. Rekodi inaweza kukugeukia. Mnakumbuka BebaPay? Wengine mlikuwa primari. Google na Equity walileta kadi ya kulipia mat 2013, unagusisha tu, hakuna noti. Kufikia 2015 ilikuwa imekufa. Watu husema makanga walikataa juu ni wakora. Rahisi sana kusema hivyo. Kanga alikuwa anaambiwa kila shilingi yako sasa itaonekana na mwenye gari, lakini hakuna aliyemwambia atalipwa mshahara wa mwezi kama mtu ambaye kila shilingi yake inaonekana. Mafuta, chakula, na zile noti zinazokunjwa dirishani zikipita kizuizini, zote zilikuwa zinatoka kwa hiyo hiyo pesa isiyoandikwa. Mwanga ukiwashwa upande mmoja tu, anayeonekana ni yule amesimama upande huo. Kwa hivyo kama ofisi itaandika jina la karani kwa kila kitu, iandike la mwenyekiti pia. Hiyo ilikuwa sharti yangu, na nilikuwa tayari kuacha hiyo kazi, ingawa rent ilikuwa inaniangalia.

Aliyemaliza mjadala si mimi. Ni Madam. Alikuwa anahesabu sarafu, hakuinua hata kichwa: "Sefu ina ufunguo mmoja na ninabeba mimi. Mbona huo haukuwa wa familia?"

Mwenyekiti akanyamaza. Halafu akasema haya, lakini yeye lazima aweze kuandika kwa kila folda. Sikubishana, sacco ni yao. Nikasema tu, "Sawa Mkubwa. Kwa jina lako."

Sasa kazi yenyewe, kwa wale mtaifanya. Kama ofisi ni kubwa kuna seva ya kusimamia majina yote kutoka mahali pamoja. Kwa watu saba hiyo ni kununua lori kubeba sukuma. Mimi nilifungua kila jina kwa kila mashine: watu saba mara mashine nne, akaunti 28, zote za kawaida, hakuna hata moja inaweza kuweka programu ovyo. Ndiyo, mtu akibadilisha paswadi lazima abadilishe mara nne. Inakera. Akaunti ya msimamizi ni tofauti, paswadi yake iko ndani ya bahasha imefungwa na kusainiwa na mwenyekiti na Madam, iko kwa sefu. Faili zote zilitoka kwa mashine zikaenda kwa kisanduku kimoja chenye diski mbili, moja ikifa nyingine ina kila kitu, na nakala nyingine inatoka nje ya jengo kila Ijumaa. Ndani kuna folda nne: magari, madereva, hesabu, vikao. Makarani wanasoma hesabu lakini hawaandiki humo. Ilikuwa kinga yao, na wao ndio walielewa haraka kuliko wote.

UPS usiulize, nunua. 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima na hata JKIA, hapa hapa Embakasi, ikakaa giza. Kisanduku cha faili kikizimwa ghafla katikati ya kuandika, utalia lugha ambazo hujasoma.

Usihamishe katikati ya wiki, na usihamishe karibu na tarehe 9, juu PAYE inafaa kuwa imeingia KRA kufikia siku hiyo na hakuna mtu ana subira na wewe. Mimi nilianza Jumamosi saa nne usiku karani wa jioni akifunga, nikahamisha mtu mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Madam, na picha ya binti yake nikaiweka mara nne. Mimi niliyeachia chuo mwaka wa pili juu ya karo, nimeketi saa tisa usiku peke yangu nikiangalia gauni la mahafali la mtoto wa mtu kwa skrini nne. Acheni tu. Tuendelee.

Kitu kilichochukua muda kuliko zote hakikuwa ndani ya mashine. Ilikuwa simu. Ukijaribu kuingia eCitizen ama iTax kwa mashine mpya, inaweza kutaka namba ya siri inayotumwa kwa simu ama barua pepe. Simu ya nani? Akaunti moja ilikuwa kwa laini ya mhasibu aliyeacha 2021. Nyingine kwa barua pepe ambayo hakuna aliyejua ni ya nani mpaka katibu akakumbuka ni ya mpwa wake, aliyewasaidia kujisajili kisha akaenda Qatar. Miaka yote hiyo hawakugundua juu kivinjari cha mashine ya zamani kilikuwa kimekumbuka kila kitu kwa niaba yao. Sacco yenye magari zaidi ya 30, na ushuru wake wote unategemea kama kijana fulani Doha atajibu WhatsApp. Alijibu siku ya tatu. Kwa hivyo kabla hujazima mashine hata moja, andika kila tovuti ambayo ofisi inatumia, na kando yake namba na barua pepe inayopokea ile kodi. Ukikuta namba ya mtu ambaye hayuko, umepata kazi yako ya wiki.

Halafu zile za zamani. Mwenyekiti alikuwa na mnunuzi tayari, anachukua zote saba kama zilivyo, pesa taslimu. Kama zilivyo. Ndani kulikuwa na skani za vitambulisho vya kila dereva na kanga aliyewahi kupita hapo, leseni, vyeti vya tabia njema, PIN za KRA za wenye magari, logibuku. Nikamwambia hatuuzi diski. Akasema, "Si ufute?"

Kwa diski za zile za kuzunguka, kufuta ni kung'oa jina kwa mlango. Mpangaji bado yuko ndani. Kuna programu za bure zinazorudisha hizo faili jioni moja, na wasee wa tao wanazijua. Na msifikirie kitambulisho ni karatasi tu: Juni 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen wakajipata ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hata hawavijui. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Sheria ya ulinzi wa data tunayo tangu 2019, na haibagui ofisi ya juu ya duka la vipuri. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Nilimwambia mwenyekiti hiyo namba polepole. Diski zikatoka.

Kabla hazijatoka, Madam aliniita. Ilikuwa ile mashine ya karibu na mlango. Akasema, "Hiyo ya yule msichana. Fungua tuone."

Sikuwa nimemwambia namjua. Tulipata faili, ile ile, ya 2024. Excel huandika jina la mtu aliyehifadhi mara ya mwisho, iko pale kwa maelezo ya faili, watu wengi hawajui. Tukaangalia pamoja. Tarehe iko, saa iko, saa saba na ishirini. Jina limeandikwa: User.

Nikaangalia mashine zingine sita. Zote zinaitwa User. Aliyeziuza aliziweka hivyo, na hakuna aliyewahi kubadilisha. Madam aliangalia hilo neno kwa muda, akasema, "Alikuwa mtoto mzuri," akarudi kwa sarafu zake.

Diski saba nilizipeleka Kariobangi Light Industries, fundi akatoboa kila moja mara tatu, nimesimama hapo nikihesabu. Mabaki unaweza kupeleka WEEE Centre upande wa Utawala, hiyo kazi ya taka za elektroniki ndiyo yao. Mashine tano ziliuzwa bila diski, bei ikashuka kidogo, mwenyekiti akanung'unika kidogo. Mbili nilizichukua kama sehemu ya malipo, nikaweka SSD na Linux Mint. Moja dogo wangu wa Gredi ya 8 anaitumia na hajalalamika, na huyo analalamikia hata chapati.

Wiki ya tatu wakanipigia. Kuna mwenye gari amekuja na risiti, kwa hesabu kuna tofauti ya 6,000. Nilipofika ofisi ilikuwa kimya vile mnajua. Karani wa jioni, kijana wa miaka 21, alikuwa amesimama hata hakuna aliyemwambia asimame. Nikafungua faili, nikaenda kwa maelezo. Imehifadhiwa mara ya mwisho usiku uliopita, saa tatu na dakika arobaini, na jina la mwenyekiti, lote, la kwanza na la baba.

Mzee aliangalia skrini. Akavaa miwani, akaangalia tena. "Ah. Ni mimi. Niliandika kwa laini ya gari la chini yake." Akacheka, Madam akarekebisha, yule kijana akaketi. Ikaisha kwa dakika tano. Hakuna aliyepumzishwa kidogo.

Usiku huo nilimtumia beshte yangu sauti, nikamweleza yote, ya mwenyekiti na ya ile faili ya zamani. Nilifikiria atafurahi kusikia kwamba hata rekodi yenyewe haikuwahi kusema ni yeye. Alikaa bila kujibu mpaka asubuhi. Kisha akaandika mstari mmoja: "Kwa hivyo User ndiye bado ako kazini."

Halafu akanitumia picha za jaketi mpya, saizi zote, 800 hadi 1,200, na akasema niwawekee hapa. Kiungo kiko kwa komenti ya kwanza.